Santuri ya Fillmore East na Yaliyobaki Kwenye Kanda

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mwenzetu, mtumishi wa Serikali katika kazi ya kumbukumbu na nyaraka, mbele ya Mkutano wa Mwaka wa wanafunzi wa zamani pamoja na Chama cha Muziki cha shule.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango:

Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze mbele yenu alinipa hiari ya kuchagua mada, ila akaongeza kwamba isiwe juu ya majalada. Nimemtii kwa nusu. Nitazungumza juu ya santuri moja ya Kimarekani, lakini nawatahadharisha mapema kwamba majalada yatajipenyeza humo, maana mtu hawezi kukaa masijala zaidi ya miaka kumi na mitano akatoka na kichwa kitupu. Najua pia wako wenzetu watakaouliza, muziki wa wazungu wenye nywele ndefu unatuhusu nini sisi. Nawaomba wavute subira kidogo. Kwanza, si wote walikuwa wazungu. Pili, lipo jambo katika ajenda yetu ya leo alasiri ambalo santuri hii inaligusa moja kwa moja.

Santuri yenyewe inaitwa At Fillmore East. Ni ya bendi iitwayo The Allman Brothers Band, nayo ilitoka tarehe 6 Julai 1971. Ni santuri mbili ndani ya jalada moja, nyimbo saba tu, jumla ya dakika sabini na nane hivi. Tangu hapo imetolewa tena na tena. Mwaka 1992 ilitoka katika diski mbili kwa jina la The Fillmore Concerts. Mwaka 2003 likatoka lile linaloitwa toleo la kifahari, diski mbili zenye nyimbo kumi na tatu. Mwaka 2014 likaja sanduku la diski sita. Swali langu ni hili: mtu anayetoa fedha yake kununua toleo la kifahari, ananunua nini hasa? Ni kazi ileile iliyovishwa suti mpya, au ni kazi nyingine iliyoazima jina?

Hatuwezi kulijibu bila kuijua bendi. Ndugu wawili, Duane na Gregg Allman, walizaliwa Nashville, Tennessee, mwaka 1946 na 1947. Baba yao alikuwa mwanajeshi. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1949 aliuawa na mtu aliyempa lifti. Mama aliwalea peke yake, baadaye wakahamia Daytona Beach, Florida. Gregg ndiye aliyeanza kulishika gitaa, lakini Duane alilichukua na asilirudishe tena, shule akaiacha. (Vijana, msinisikie vibaya. Nasema yaliyotokea, sisemi yafuatwe.) Kabla ya kuwa na bendi ya kudumu, Duane alikuwa kibarua wa studio katika mji mdogo wa Muscle Shoals, Alabama, akipiga nyuma ya waimbaji weusi wakubwa kama Wilson Pickett na Aretha Franklin.

Gitaa lake la kuteleza, lile linalolia kama mtu, hakulipiga kwa chombo cha duka la muziki. Alivaa kidoleni kichupa cha kioo cha dawa ya mafua alichopewa na mdogo wake. Alikimwaga vidonge, akabandua karatasi, akaanza. Wenzake wamesimulia kwamba mwanzoni kelele ilikuwa haivumiliki nyumbani. Haikupita miaka mitatu, alikuwa anahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa mtindo huo duniani, na mwaka 1970 Eric Clapton wa Uingereza alimwita kupiga naye katika santuri ya Layla.

Bendi iliundwa Jacksonville, Florida, Machi 1969, kisha ikahamia Macon, Georgia. Walikuwa sita. Duane na Dickey Betts walipiga magitaa, Gregg aliimba na kupiga ogani, Berry Oakley alishika besi, na ngoma zilipigwa na watu wawili: Butch Trucks na Jaimoe. Wapenzi wa muziki wa dansi wataona ajabu iliyomo hapo. Sisi tumezoea gitaa la solo na gitaa la rithimu, kila moja na kazi yake. Hawa walikuwa na masolo mawili. Aghalabu yalikwenda sambamba kama waimbaji wa kwaya, mmoja sauti ya kwanza na mwenzake ya pili, halafu yakaachana, kila moja likashika njia yake na kurudi kukutana pale pale walipoachana. Kwenye ngoma hali kadhalika: Trucks alishikilia mwendo, Jaimoe akachezacheza katikati yake kwa mtindo wa jazi.

Jaimoe ni mtu mweusi, mzaliwa wa Mississippi, aliyewahi kupigia bendi ya Otis Redding. Watano wengine walikuwa weupe. Kumbukeni mwaka: Martin Luther King aliuawa Memphis Aprili 1968, na bendi hii ikaundwa miezi kumi na moja baadaye, katika majimbo ambako hata kula mezani pamoja kulikuwa jambo la kuangaliwa kwa jicho baya. Huko Macon, walipokuwa hawana kitu, walilishwa na mgahawa wa H&H uliokuwa wa akina mama wawili weusi, Mama Louise Hudson na mwenzake Inez Hill. Walinunua sahani mbili wakagawana watu wote. Mama Louise akaona hali yao akaongeza sahani. Nakitaja kisa hiki kwa sababu muziki wa aina hii umekuja kubandikwa jina la roki ya Kusini, na baadhi ya waliofuata nyuma walipanda jukwaani na bendera ya wale waliopigania utumwa. Allman Brothers hawakuanzia huko. Gregg mwenyewe hakulipenda jina hilo. Alisema roki yote ilizaliwa Kusini, kwa hiyo ni sawa na kusema roki ya roki. Wimbo wa kwanza wa santuri yao ni Statesboro Blues, ambao Blind Willie McTell, kipofu mweusi wa Georgia, aliurekodi mwaka 1928. Mwingine ni wa Elmore James, mwingine wa T-Bone Walker. Walijua deni lao liko kwa nani.

Santuri zao mbili za kwanza, za mwaka 1969 na 1970, hazikuuzwa sana. Sababu ilijulikana kwa kila aliyewaona jukwaani: studio iliwabana. Wimbo wa dakika tano wao waliufanya dakika ishirini. Sehemu ile ambayo sisi tungeiita sebene, magitaa yanapofunguka na waimbaji wakakaa kimya, kwao ndiyo ilikuwa nyumba yenyewe, na maneno yalikuwa baraza tu. Basi wakaamua kurekodi mbele ya watu.

Mahali palikuwa Fillmore East, ukumbi wa Bill Graham mjini New York, Machi 1971. Katika matangazo Allman Brothers hawakuwa wakubwa. Jina la juu lilikuwa la Johnny Winter, na wao waliandikwa kama nyongeza. Kufikia usiku wa mwisho wao ndio waliokuwa wakifunga onyesho. Nje ya ukumbi palikuwa na gari lenye mashine ya kurekodi njia kumi na sita, na aliyesimamia ni Tom Dowd.

Huyu Dowd niruhusuni niseme juu yake maneno mawili matatu, maana ndiye ninayemhusudu katika habari hii yote. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya fizikia Chuo Kikuu cha Columbia katika mradi uliozaa bomu la atomu. Vita vilipokwisha akaingia katika kurekodi muziki, na kwa mikono yake zilipita kazi za Ray Charles na John Coltrane. Siku chache kabla ya Fillmore alikuwa Afrika, katika kazi ya filamu ya tamasha la Accra la tarehe 6 Machi 1971, ambapo Wilson Pickett, Ike na Tina Turner na wengine walitumbuiza wananchi wa Ghana katika sikukuu ya uhuru wao. Aliposhuka kwenye ndege New York na kupiga simu kazini, aliambiwa gari limekwisha kukodiwa, aende moja kwa moja. Kwa hiyo santuri hii ya Georgia ilirekodiwa na mtu ambaye pengine vumbi la Accra lilikuwa bado viatuni mwake.

Onyesho lilipoanza Dowd alishtuka. Duane, bila kumwambia mtu, alikuwa ameleta wapiga saksafoni. Mnielewe vizuri hapa, maana ndipo penye kiini. Mashine ya njia kumi na sita hutenganisha vyombo: gitaa hili njia yake, ogani njia yake. Ukikosea kimoja waweza kukipunguza au kukifuta baadaye. Lakini saksafoni zile zilisikika katika vipaza sauti vya kila mtu, na hazikuwa zimeafikiana na vyombo vingine. Haikuwezekana kuzifuta bila kufuta bendi nzima. Wakati wa mapumziko Dowd alishuka mbio, akamshika Duane akamwambia zile saksafoni ziondoke. Duane alibisha kidogo, akakubali. Akauliza kama Thom Doucette, mpiga harmonika, anaweza kubaki. Dowd akakubali, kwa kuwa harmonika ilikuwa na njia yake na ingeweza kufutwa ikibidi.

Kila onyesho lilipokwisha hawakwenda kulala. Walichukua bia na mikate wakaenda studio ya Atlantic kusikiliza walichofanya usiku uleule, wakiamua wimbo upi umekwisha kupatikana na upi urudiwe kesho. Usiku wa mwisho, wa tarehe 13, onyesho lilicheleweshwa kwa tishio la bomu, na wakamaliza saa kumi na mbili asubuhi.

Kati ya saa zote hizo zilichaguliwa dakika sabini na nane. Baadhi ya wakubwa wa Atlantic waliona ni upuuzi kuuza sebene ndefu namna ile, lakini Phil Walden, mwenye kampuni ya Capricorn ya Macon, alishikilia, na santuri mbili zikauzwa kwa bei iliyokaribia ya santuri moja. Jalada lilipigwa picha na Jim Marshall. Watu wengi hudhani ule ukuta wa matofali ni wa New York. Ni wa Macon. Wote wanacheka, na sababu ya kicheko si ya kujivunia: Duane alikuwa ametoka mbio katikati ya kazi kwenda kwa mwuza madawa ya kulevya, akarudi na mzigo kiganjani, akakaa kama si yeye. Nasema hivyo kwa sababu vijana mtakuja kukisoma kisa hicho mahali kikisimuliwa kama utani. Oktoba ya mwaka huohuo baadhi yao, Duane akiwamo, walikwenda kutibiwa uraibu wa heroini. Tarehe 25 Oktoba santuri ilipata cheti cha dhahabu. Tarehe 29 Oktoba Duane alianguka na pikipiki mjini Macon akafa. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tarehe 11 Novemba mwaka uliofuata Berry Oakley naye akafa kwa pikipiki, mitaa mitatu tu kutoka pale. Wamezikwa pamoja Rose Hill, makaburi yaleyale ambamo Dickey Betts aliliona jina la Elizabeth Reed juu ya jiwe akalipa wimbo wake.

Sasa nije kwenye kanda.

Mimi niliijua santuri hii hapa shuleni, bweni la pili, nilipokuwa Kidato cha Tatu, katika kaseti ya dakika sitini. Wanahesabu wameshaona tatizo: kila upande dakika thelathini. Upande wa kwanza ulikatika katikati ya You Don't Love Me, na upande wa pili ukakatika Whipping Post ikiwa imefika nusu. Kwa miaka kadhaa niliamini huo ndio mwisho wake, kwamba bendi iliishia hewani. Nilipokuwa Chuo Kikuu nikaisikia santuri kamili, nikakuta hata huko haikuishi. Whipping Post, baada ya dakika zaidi ya ishirini na mbili, inatulia, watu wanapiga makofi, halafu chini kabisa ya makofi timpani ya Butch Trucks inaanza kitu kingine. Sauti inapunguzwa. Santuri imekwisha. Hicho kitu kingine ni Mountain Jam, dakika thelathini na tatu, ambayo ilikuja kutolewa Februari 1972 katika santuri nyingine iitwayo Eat a Peach, ikagawanywa pande mbili kwa sababu haikuenea upande mmoja. Aliyekuwa na santuri ya kwanza tu alisikia mlango ukifunguliwa na asione chumba.

Toleo la kifahari la mwaka 2003 liliunganisha vipande hivyo viwili. Whipping Post inakwisha, timpani zinaanza, na safari hii hakuna mkono unaopunguza sauti. Mnaenda mbele karibu saa nzima bila kusimama, kama watu wa ukumbi ule walivyokwenda. Hiyo peke yake, kwa maoni yangu, inastahili bei.

Lakini toleo hilohilo lilifanya jambo jingine nisilolipenda. Lilivunja mpango wa nyimbo. Katikati ya zile saba za asili zimepenyezwa nyingine, na mbili kati ya hizo, One Way Out na Midnight Rider, si za Machi hata kidogo. Ni za tarehe 27 Juni 1971, usiku ambao Fillmore East ilifungwa kabisa. Msikilizaji asiyesoma maandishi madogo atadhani amesikia onyesho moja. Sisi masijala tuna kanuni: barua hukaa katika jalada kwa tarehe yake na kwa namba yake ya folio. Huwezi kuchukua barua ya Juni ukaiweka kati ya barua mbili za Machi kwa sababu inapendeza pale. Ukifanya hivyo hujasema uongo wowote, kila karatasi ni ya kweli, lakini jalada zima limekuwa la uongo.

Mwenzangu mmoja wa kidato chetu, tuliyebishana naye jambo hili mpaka chai ikapoa, alinijibu kwamba hata santuri ya mwaka 1971 haikuwa safi. Na ni kweli. You Don't Love Me ilishonwa kutoka maonyesho mawili, mwanzo wa moja na mwisho wa jingine. Stormy Monday ilikatwa kipande cha harmonika, kikaja kurudishwa mwaka 1992 Dowd mwenyewe alipozichanganya kanda upya. Kwa hiyo, alisema, kama bwana mwenyewe alikata na kushona, kwa nini warithi wake wasishone?

Jibu langu ni kwamba santuri ya mwaka 1971 haikudai kuwa kumbukumbu. Ilikuwa muhtasari. Katibu wa mkutano haandiki kila kikohozi. Anaandika kilichoamuliwa, na mwenyekiti anatia sahihi. Santuri ile iliandikwa na Dowd, na Duane alikuwa hai kuitia sahihi. Sanduku la mwaka 2014 nalo lina heshima yake kwa sababu nyingine: ni Hansadi. Maonyesho yote manne ya Machi 12 na 13 yamo, moja baada ya jingine, kisha lile la Juni, kila diski na tarehe yake. Ya kifahari ya mwaka 2003 imesimama katikati, ndefu mno kuwa muhtasari, na fupi na iliyochanganywa mno kuwa Hansadi.

Hapo ndipo linapokuja swali gumu zaidi, ambalo sikulipatia jibu kwa siku moja. Katika sanduku la mwaka 2014 zimo hata zile nyimbo zenye saksafoni. Duane alikwisha kukubali ziachwe. Alikufa akijua zimeachwa. Miaka arobaini na mitatu baadaye dunia nzima inauziwa kile alichokubali kukiacha. Je, ni haki?

Na tusisahau fedha. Capricorn ilifilisika mwaka 1979, wakati ambapo wanamuziki walikuwa wakiidai mirabaha yao. Kanda zikapita kwa PolyGram, kisha zikaangukia kwa Universal. Walioamua nini kitolewe hawakuwamo katika gari lile wala katika studio ile ya saa tisa usiku. Dowd alifariki mwaka 2002. Trucks na Gregg walifuatana mwaka 2017, na Betts mwaka 2024, akabaki Jaimoe peke yake kati ya wale sita. Makampuni yamegundua kwamba mtu wa makamo aliye na mshahara atanunua mara ya nne kitu alichokwisha kukinunua mara tatu, mradi kuna nyongeza ya dakika kumi. Mnamwona mmoja wao mbele yenu.

Hata hivyo nimeamua kwamba ni haki, kwa sharti moja. Niliamua baada ya kulisikiliza sanduku zima kwa muda wa majuma mawili, diski moja kila usiku na kurudia. Statesboro Blues unaisikia tena na tena. Mara ya kwanza unadhani ni ileile. Kisha unaona hapa Duane amechelewa kuingia kidogo, hapa ameingia kabla, hapa amejaribu kitu kikamshinda akakigeuza kuwa kitu kingine. In Memory of Elizabeth Reed yenye saksafoni haipendezi, Dowd alikuwa na haki. Lakini ukiisikiliza halafu ukasikiliza ile ya usiku wa pili, unaelewa kwa masikio yako kile ambacho mwalimu angekueleza kwa muhula mzima: nafasi ambayo saksafoni ziliiziba ndiyo nafasi ambayo magitaa yale mawili yaliihitaji. Santuri ya mwaka 1971 inakuonyesha watu wasiokosea. Kwa kijana anayejifunza hiyo inaweza kumkatisha tamaa kuliko kumsaidia. Kanda zote zinamwonyesha watu wa miaka ishirini na kitu wakijaribu, wakisikiliza walichofanya, na kesho yake wakifanya vizuri zaidi.

Vijana wa Chama cha Muziki, chukueni mfano wa mwanzo wa Whipping Post. Hesabuni pamoja nami: tatu, tatu, tatu, mbili. Ni mapigo kumi na moja. Gregg aliyeitunga hakujua kwamba ni kumi na moja. Ni Duane aliyemhesabia. Aliitunga usiku, hana karatasi wala kalamu, akaandika kwa njiti za kiberiti zilizoungua juu ya kitambaa cha meza ya kupigia pasi. Mpiga ngoma yeyote wa kijijini ataushika mwendo ule haraka kuliko mwenye cheti cha nota. Tatizo ni besi. Msikilizeni Oakley katika maonyesho mbalimbali, muone jinsi anavyouanza kila usiku kwa uzito wake.

Sharti langu ndilo hili: kilichoachwa kitolewe kwa jina lake na tarehe yake, na kisiingizwe ndani ya kile kilichochaguliwa. Duane hakudhulumiwa kwa kuwa saksafoni zimesikika. Angedhulumiwa kama zingewekwa ndani ya At Fillmore East na mtoto wa leo akaambiwa hiyo ndiyo santuri.

Nimefika kwenye ajenda, Ndugu Mwenyekiti. Wajumbe mnayo mbele yenu taarifa ya Kamati Tendaji juu ya kanda za bendi ya shule yetu zilizokutwa katika kabati la maktaba. Kamati inapendekeza zichaguliwe nyimbo kumi nzuri, zisafishwe, zitengenezewe diski ya kuuzwa kwa ajili ya mfuko wa vitabu, na kanda zilizobaki, nanukuu taarifa, “ziondolewe ili kupata nafasi.” Juu ya diski ya nyimbo kumi sina ubishi, nitanunua tatu. Nimezisikiliza kanda nne kati ya zile. Katika moja mpiga besi anapotea wimbo mzima, na mwalimu wa muziki, ambaye sasa ni marehemu, anasikika akiwasimamisha na kuwaambia waanze tena, mara tatu, bila hasira. Katika taarifa ya Kamati kanda hiyo imewekwa alama ya kuondolewa.

Kwa hiyo naomba kifungu cha nne kirekebishwe kisomeke kwamba kanda zote zitanakiliwa kama zilivyo, bila kukatwa, kila moja ikiandikwa tarehe pale inapojulikana. Kwamba nakala moja itabaki shuleni na nyingine itahifadhiwa nje ya shule. Na kwamba hakuna kanda ya asili itakayotupwa. Gharama nimeiandika katika karatasi iliyo kwa Katibu, nayo ni ndogo kuliko gharama ya chakula chetu cha mchana cha leo. Sanduku langu la diski sita naliacha kwa Chama cha Muziki hadi mwisho wa muhula.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.